Mzani Chini ya Mtungi

Chuo kilinituma na mzani wa betri,
kalamu tatu, na fomu
yenye maswali mia moja na arobaini.
La kwanza: Bibi, una umri gani?
Tisini na sita, akasema, au na saba;
karani aliyeniandikisha alikuwa amelewa.

Kijiji kiko chini ya mlima Jiri,
nyumba kumi na moja, tano zina kufuli.
Jina lake Pilnam:
"safari hii, lazima wa kiume."
Baba alimpa binti wa nne jina hilo
kama mtu anayeandika barua ya malalamiko.
Wa kiume akaja kweli. Nitamfikia.

Asubuhi, wali wa shayiri, gramu mia na arobaini.
Supu ya denjang, majani ya figili,
tofu kipande kimoja, kinatetemeka
hata sakafu isipotikisika.
Kila bakuli nililidaka kabla hajatia kijiko,
nikalipima, nikaandika.
"Chakula kinapoa," akasema,
"nawe unakihesabu
kama mwenye duka anayewashuku watoto."

Novemba tulichemsha soya kutwa nzima
kwenye sufuria ambayo ningeweza kuogea.
Zikaiva hadi zikabonyea
kati ya kidole gumba na kidole kidogo,
"kile kisicho na nguvu, si hicho unachoshikia kalamu."
Tukatwanga, tukafinyanga matofali,
akayafunga kwa mabua ya mpunga
akayatundika darini,
katika chumba alichonipa nilale.

Majuma sita nililala chini yake,
yakiota ukungu mweupe, kisha wa kijani,
yakinuka soksi, yakinuka zizi,
hadi asubuhi moja sikusikia harufu tena
nikajua imehamia kwangu.

Februari, maji ya chumvi.
Akatumbukiza yai bichi.
Likizama, chumvi bado.
Likielea na kuchungulia
kwa upara wa ukubwa wa sarafu, basi.
Nikauliza: gramu ngapi kwa lita?
"Muulize yai."

Swali la themanini na mbili:
Kwa nini ulichagua soya?
Alicheka hadi akakohoa.
"Kuchagua!
Nyama ilikuwa ya wenye ng'ombe.
Mwaka wa vita tulitafuna magome ya misonobari,
tumbo likafunga siku nne.
Soya ilikubali kuota kwenye kingo za majaruba,
upana wa nyayo mbili,
mahali ambapo mwenye shamba
aliona aibu kudai kodi.
Leo mnaniletea mzani
mnauita umaskini wangu dawa."

Na mdogo wako, wa kiume?
"Tulichotewa mtungi mmoja.
Denjang ileile, tofu ileile,
bakuli lake likijaa kuliko langu.
Alikufa na miaka thelathini na minane,
amekaa, anavaa viatu.
Andika na hilo."
Nikatafuta safu ya kuliandika.
Nikageuza karatasi, nikatafuta nyuma.

Aprili niliondoka na kopo mapajani.
Dereva wa basi alifungua madirisha yote,
kisha, tulipofika mjini,
akauliza kwa sauti ya chini nimelipata wapi.

Ripoti ilipita. Ina majedwali tisa.
Mdogo wake yuko kwenye tanbihi,
herufi ndogo kama za masharti ya benki.

Vuli nilirudi kuutafuta mzani niliousahau.
Nikaukuta uani, umelalia tumbo,
chini ya mtungi wa tatu, upande wa bondeni.
Kioo kimepasuka, betri imevuja.
"Ulikuwa unayumba miaka yote hii,"
akasema, akiupiga mtungi kofi la mapenzi.
"Sasa umetulia. Kumbe kitu chako kina kazi."

Mawingu yakaachana.
"Jua hilo, fungua, upesi!"
Nikakibeba kifuniko kwa mikono miwili
na kabla sijajizuia
nikakadiria: kilo tatu na nusu.