Kikasha Toezi

Saa mbili na robo asubuhi, Kaunas bado giza,
theluji imeegemea dirisha kama mtu asiye na shughuli.
Simu inalia: Bi Genovaitė, kutoka Rokiškis,
Chama cha Wafuga Nyuki, wanachama mia mbili na kumi na wawili.
"Kitufe kimekufa," anasema.

Vitufe havifi, nataka kumwambia,
ila kazi hii imenifunza kuuliza kwanza:
kimekufa lini,
na kabla hakijafa kilisema nini?

Kilisema sentensi mbili kwa Kiingereza. Akazifunga.
Wote huzifunga. Ujumbe wa kosa kwao
ni mgeni wa mlangoni aliyeshika karatasi.

Ananifungulia skrini yake, naingia kwa mbali.
Hifadhidata aliijenga mwanafunzi fulani
mwaka ambao hakuna anayeukumbuka:
fomu ya kijani, picha ya mzinga,
na kitufe TUMA KWA WOTE, kikubwa kama mlango wa zizi.

Nakagua yale ya kila siku.
Usiku Windows imejisasisha bila hodi.
Programu ya barua ni mpya, inang'aa,
haijui salamu za ile ya zamani.
Nairudisha ya zamani.
Nenosiri ananisomea kwa sauti, herufi kwa herufi,
kabla sijawahi kumkataza.

Kompyuta inauliza:
Kuna programu inajaribu kutuma barua kwa niaba yako. Unaruhusu?
Kishale chake kinasita juu ya Ndiyo,
kinatetemeka, inzi kwenye ukingo wa kikombe.
"Kwa niaba yangu? Si ni mimi mwenyewe?"
Ni wewe, Bi. Ruhusu.

Zinaondoka. Moja. Kumi. Arobaini na sita.
Ya arobaini na saba inagoma,
na nyuma yake foleni nzima inasimama kikashani.
"Ni waifai," anasema, haraka mno.
"Tangu Oktoba ni waifai."

Nasoma jibu la seva. Mia tano hamsini.
Tarakimu hizi sipendi kuzitafsiri.
Anwani i hai. Kikasha hakijajaa.
Mpokeaji amemkataa mtumaji huyu.
Namba arobaini na saba, Danguolė.
Huyu ni nani, Bi?
"Mke wa kaka yangu."

Miezi mitatu anaisingizia waifai,
kumbe ni wifi.

Ananyamaza kama maji ya mtungini.
Nasikia birika lake likichemka, likijizima.
"Kwa hiyo mashine ni nzima."
Mashine ni nzima.
"Nilikuwa naomba iwe mashine."

Halafu yanakuja yale yasiyo na fomu ya kuyajaza:
bei ya nta, mkutano wa Oktoba,
neno "mwizi" mbele ya watu, soksi za watoto
zilizorudishwa kwa posta bila barua ndani.
Nani alilitamka neno hilo, hasemi.
Siulizi.

Ningeweza kumfuta. Nasogea kwenye rekodi yake,
na panya wake anavuta huku, wangu kule,
kishale kimoja kinakwenda upogo.
"Mwache! Ni mwanachama.
Amelipa ada mpaka Juni."

Basi nafungua msimbo wa yule mwanafunzi,
naongeza mstari ambao walimu wangu
waliukataza, kwa kuwa huficha maradhi:
likitokea kosa, nenda kwa anayefuata.
Chini yake naongeza mwingine, usifichike ugonjwa:
andika jina na tarehe kwenye jedwali la pembeni.

Mia mbili na kumi na moja zinatoka.
Mkutano ni Jumamosi, kila mtu aje na kijiko chake.
Jedwali la pembeni lina mstari mmoja.
Ananishukuru, anauliza kama Kaunas kuna theluji,
hakati simu mpaka nikate mimi.

Nafunga tiketi. Chanzo cha tatizo?
Orodha inanipa matatu: programu, mtumiaji, mtandao.
Hakuna nafasi ya kuandika.
Nachagua mtandao.