Ajenda Namba Nne

Ajenda namba nne: shilingi mia
juu ya kila lita ya petroli itakayouzwa mjini Koboko,
fedha ziende barabara ya Oraba
na kile kipande kinachoteremka hadi zahanati,
ambacho mvua za Agosti zimekigeuza korongo.
Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika,
si kusema.

Diwani Sebit Marjan alisimama, suruali imelowa matope hadi magotini
(wapo walionong'ona kwamba kajipaka makusudi),
akasema: "Kodi hii mnailipa siku zote.
Mnailipa kwa shokapu, kwa springi, kwa tairi,
kwa trei ya mayai inayofika sokoni imekuwa uji.
Tofauti ni moja tu, shimo halitoi stakabadhi."
Nikaandika: Mheshimiwa Marjan aliunga mkono hoja.

Lemi wa bodaboda aliomba neno kutoka benchi la nyuma.
Hesabu yake ilikuwa kiganjani, kwa kalamu ya wino:
lita nne kwa siku, siku ishirini na sita,
elfu kumi na mia nne kwa mwezi.
"Hayo ni madaftari ya mtoto, na kalamu zake.
Na mwaka juzi tulichanga vilevile.
Lami haina miguu, waheshimiwa,
lakini ile yetu ilitembea."
Kicheko.
Nikaandika: Mwananchi aliuliza kuhusu matumizi.

Bwana Bidali, mwenye kituo cha mafuta, hakucheka.
Alinyoosha kidole dirishani, upande wa magharibi,
Kongo iko pale, umbali wa mbuzi aliyekata kamba.
"Mkinipandishia mia, nani atakuja kwangu?
Petroli ya chupa haiijui mia yenu.
Mtakamua pampu yangu, barabara inyooke,
kisha mitungi ya magendo ipite juu yake
bila hata kuyumba."

Hapo jenereta ikakohoa mara mbili,
ikazima.
Feni ilizunguka kidogo kwa ukaidi, nayo ikakata tamaa.
Giza likaingia bila kubisha hodi.
Mwenyekiti akanong'ona jina langu,
akanitia noti mkononi: "Fanya haraka."

Kituo cha Bidali kilikuwa kimefungwa,
funguo ziko mfukoni mwake, naye yuko kikaoni.
Ng'ambo ya barabara Kiden alikuwa na meza yake,
chupa za maji zimejaa rangi ya asali,
faneli iliyokatwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia.
"Mnanijadili?" akauliza.
Nikamwambia, ni ajenda namba nne.
Akazibeba chupa mwenyewe.

Taa ziliporudi zilimkuta mlangoni,
mikono inanuka petroli, hajavua kitenge cha kazi.
"Mimi niko tayari kulipa," alisema.
"Binti yangu wa pili alizaliwa kwenye kile kipande,
pikipiki imezama, Lemi huyu ameishika tochi kwa meno.
Niandikeni. Mia, hata mia mbili.
Ila karani anieleze kitu:
ukiniandika kwenye kitabu cha walipa kodi,
ukurasa unaofuata si wa washitakiwa?"

Marjan aliyatazama matope yake.
Lemi aliutazama mlango.
Funguo za Bidali zililia mfukoni, zikanyamaza.
Nililiandika jina lake kwa wino,
nikalikata,
nikaliandika tena kwa penseli, dogo, pembeni,
mahali ambapo vidole vya kufungua ukurasa vitalifuta polepole.

Hoja imeahirishwa hadi mwezi ujao, kura kumi na moja kwa tisa.
Nje mvua ilikuwa imekwisha kupiga kura yake.
Nilibaki peke yangu kufunga hesabu za kikao,
na chini ya Mengineyo nikajaza:

Petroli ya jenereta, chupa mbili.
Shilingi elfu kumi.
Stakabadhi: hakuna.