Mkia Mmoja

Saa nane za usiku, Łódź, ghorofa ya tatu.
Bomba la joto linagonga kama mtu anayedai kodi,
na programu ya ratiba za tramu imekufa tena.
Mara ya nne wiki hii.
Naitwa Bogna. Kazi yangu ni kutafuta panapouma.

Ndani ya mashine kila kituo ni nodi,
na kila nodi inajua jambo moja tu: nani anafuata.
Ya nyuma haiyajui. Ukiiuliza ilikotoka
inakutazama kama karani aliyekwisha funga dirisha.
Kituo kimeshika mkono wa kituo, nacho kimeshika kingine,
mpaka cha mwisho, kilichoshika hewa.

Njia ya tisa inaanzia kwenye viwanda vya nguo vilivyokufa,
ya kumi na nne inaanzia hospitali.
Mahali fulani zinaungana, na zikishaungana
haziachani tena. Mkia ni mmoja.
Zdzisław, aliyeandika haya kabla sijaajiriwa,
alistaafu bila kumwambia mtu.
Basi usiku, programu inapofagia,
inaifuta ya tisa hadi mwisho, kisha inarudi
kuifuta ya kumi na nne, inafika penye mkia
na kukanyaga sakafu iliyokwisha ng'olewa.

Nitafute vipi?
Si kwa majina. Vipo vituo viwili viitwavyo Kanisani
na havijawahi kuonana. Jina si mtu.
Nauliza anwani: ni kilekile, au kinafanana nacho tu?

Ningetia chaki kila nilipopita,
lakini kumbukumbu ni finyu, mashine ni kongwe.
Ningehesabu: hii ishirini na sita, hii kumi na tisa,
wa njia ndefu atangulie hatua saba,
kisha waende sawia. Ni haki. Inafanya kazi.

Lakini mwanagenzi wetu, Iwo, mwenye soksi zisizofanana,
alichora kwa kidole juu ya mvuke wa dirisha:
"Watume wawili, hatua kwa hatua.
Atakayefika mwisho asikae.
Mpeleke akaanze pale alipoanzia mwenzake."

Nikacheka. Kisha nikafuatisha mchoro:
yangu, halafu yako; yako, halafu yangu;
jumla ni ileile, upange upangavyo.
Hakuna aliyepunjwa. Wakikutana
wamekutana mlangoni mwa mkia,
si kabla, si baada.

Nina kaka, Ziemowit. Miaka sita hatusemezani,
tangu siku ya funguo za nyumba ya mama.
Njia yangu nimeipita hadi mwisho, nikairudia,
ileile yangu, na kila mara nimefika penye haki yangu.
Sijawahi kuanzia alipoanzia yeye:
jikoni mle, mwaka ule nilipokuwa Gdańsk nikisoma,
naye peke yake akimgeuza mama kitandani
kila baada ya saa nne.

"Na zisipoungana?" nilimuuliza Iwo.
Akafuta kioo kwa kiwiko.
"Watafika mwisho kwa pamoja.
Kila mmoja ameshika hewa.
Mashine itasema wako sawa, na kweli wako sawa."
Akaenda kuchemsha chai.

Niliandika mistari saba. Nikaijaribu.
Kituo cha soko la maua: ndipo zinapokutana.
Nikaweka mpaka pale, mkia ufutwe mara moja,
na programu ikafagia hadi alfajiri bila kujikwaa.

Saa kumi na moja tramu ya kwanza ilipita chini,
haina mtu, taa zote zinawaka.
Nilishika simu, nikatafuta jina lake,
nikalitazama.
Sikupiga. Jina si mtu.
Anwani ninayo: mtaa wa nyuma ya hospitali,
njia ya kumi na nne, kituo cha kwanza.
Miaka yote hii nikiipanga ile njia,
sijawahi kuipanda tangu mwanzo.