Ripoti ya Boriti ya Nne

Saa kumi kasoro, na Middlesbrough imeshaingia giza.
Novemba hapa haimsubiri mtu.
Hita inagonga kama fundi aliyesahauliwa ndani ya ukuta,
na wanafunzi kumi na tisa wa uhandisi wananitazama
kama watu waliojibanza barazani, wakingoja mvua ipite.

Mimi ndiye ninayewafundisha Kiingereza.
Mimi wa Magu, niliyekiokota kwa viboko
na kamusi isiyo na jalada.
Wengi wao wamezaliwa nacho mdomoni.
Jina langu bado limewashinda: Ng'wandu.
Niliwaambia, ng' kama ya ng'ombe.
Wakauliza, Ng'ombe ndiye nani?

Wiki iliyopita walivunja boriti za zege maabarani,
sita, mashine ikizikandamiza mpaka zilie.
Ya nne ilikatika kabla ya wakati wake.
Leo nawasomea ripoti zao kwa sauti:
Ilionekana kwamba kosa lilifanyika.
Uzito uliongezwa kwa kasi isiyopendekezwa.
Vipimo havikuchukuliwa.
Kurasa kumi na moja, hesabu safi kama sare ya Jumatatu,
na ndani yake hamna mtu.

Nani? nauliza. Nani aliongeza?
Kimya. Mtu anabofya kalamu. Tk. Tk.

Nawaambia: kwetu lugha ina mlango wa uani.
Silabi moja tu, -ka, na mtoto anapenya.
Kikombe kimevunjika, mama.
Hakuna aliyekivunja. Kilichoka na maisha, kikajitupa.
Na mama, aliyeishia darasa la nne:
"Haya, kimevunjika. Na aliyekishika ni nani?"
Wanacheka. Hata Tamsin wa mbele,
asiyechekea kitu kisicho na jedwali.

Ndipo Foxton, wa dirishani,
ambaye kwa wiki saba sijamsikia ila "nipo",
akasema bila kuinua kichwa:
Babu yangu aliletewa barua na kiwanda cha chuma.
Mistari minne. Uamuzi umefikiwa. Tanuru litazimwa.
Mpaka anakufa alikuwa akiigeuzageuza mezani,
kama saa mbovu,
akimtafuta huyo aliyeufikia.

Hita ikagonga.
Nilikuwa na kalamu ya ubao mkononi, sina la kuandika.

Akaongeza: Boriti ya nne ni mimi.
Niliharakisha uzito. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani.
Nilitaka kulala.

Basi andika.
Niandike nilitaka kulala?
Andika uliongeza uzito. Usingizi ni wako, kaa nao.

Akakata mstari wake.
Kiingereza kina "mimi" ya herufi moja,
imesimama wima kama nguzo,
haina hata pa kuegemea.
Aliichora taratibu, kalamu ikichimba karatasi,
kisha akaitazama
kama anayekagua kama itabeba.

Nilirudi kwa basi, ghorofa ya juu, vioo vimejaa ukungu wa pumzi.
Nikafungua simu, nikautafuta ujumbe wangu wa Machi
kwa dada yangu Minza:
Pesa za hospitali zilichelewa kutumwa.
Niliusoma kama mkaguzi.
Sarufi sawa. Nukta mahali pake.
Hamna mtu ndani.

Nikaanza mwingine. Nikaandika Ni,
na kidole kikagoma.
Kwa lugha yetu hiyo haisimami peke yake,
lazima iseme papo hapo ilifanya nini.
Ni
Mtu nyuma yangu akabonyeza kengele.
Kituo hakikuwa changu,
lakini nilishuka.