Toroli Chini ya Daraja

Kandete, Machi, mvua ya siku ya kumi na moja.
Kitabu ni kimoja, wanafunzi hamsini na wawili,
na ukurasa wa themanini una orodha ya Waingereza:
viumbe wao wa gizani, wamepangwa kwa alfabeti
kama wagonjwa wa zahanati wanaongoja namba.

Naandika ubaoni. Chaki imelowa, haikolei.
Natamka la kwanza, nalo lasikika elfu.
"Elfu ngapi, mwalimu?"
Ni Gwamaka, wa nyuma, mtoto wa muuza viazi vya lumbesa.
Si elfu ya fedha, nasema. Ni mtu mdogo, masikio ya ncha,
anakaa msituni.
"Wako wengi?" Huyu ni mmoja.
"Mmoja, na anaitwa elfu!"
Darasa lacheka, na bati nalo, kwa mvua.

La pili nalitamka kwa ulimi wa chuoni.
Wao wanasikia feri.
Shangazi yake Tusajigwe alipanda chombo pale Itungi
akatapika ziwa zima, kwenda na kurudi.
"Ina mabawa?" Ina mabawa.
"Basi hiyo si feri, mwalimu. Ni ndege."

"Na kwenye K, mbona hayupo kipunji?"
Asangalwisye huyo, mjukuu wa mwindaji.
Babu yake aliwaeleza wageni wenye darubini:
yupo, nywele zimemsimama utosini,
analia kama honi yenye mafua.
Wageni wakaitikia kwa adabu, wakaandika: hadithi.
Hadi siku kipunji mwenyewe alipokaa kwenye tawi
akawatazama, akijikuna.
Huyo ni kima, nasema, si pepo.
"Alikuwa pepo mpaka walipomwona wao."

Kwenye spraiti sikubishana.
Wanaijua, ya chupa ya kijani, ya harusini.
Nikasema ni roho ikaayo majini.
"Ndiyo maana ukiifungua inafoka," akasema Subilaga,
na mimi nikacheka, nikapoteza mstari.

Hivyo tukafika la mwisho, nami sikufikiri.
Nikasoma kama lilivyo: hukaa chini ya daraja,
zito, baya, hudai ada kwa kila apitaye.
Nikatamka mara mbili ili warudie.
Hawakurudia.

Toroli.

Wote wamegeukia dirishani, kwa Ambakisye.
Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimeambiwa yote:
kaka yake Lusekelo, usiku, anasukuma ndizi
awahi gulio la Jumatatu,
Lufilyo umefura, mbao mbili za daraja hazipo.

"Kweli liko, mwalimu," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei.
"Gurudumu liko juu. Maji yakipungua linaonekana.
Ndizi zilikutwa. Yeye bado."

Bati peke yake likaendelea.
Nikashika kifutio.
"Usifute," akasema. "Sijamaliza kunakili."

Usiku, madaftari, taa ya sola imeanza kusinzia.
Zoezi: tunga sentensi moja kwa kila neno.
Elfu wa Gwamaka ameuza viazi, kapata elfu thelathini.
Feri ya Tusajigwe imetua shambani kwao,
imeharibu maharage.
Spraiti kumi na saba, zote za harusi.

Ambakisye ameruka mengine yote.
Ana sentensi moja, Kiingereza kinachechemea
kama mbuzi aliyekanyaga mwiba,
ila katikati ameacha neno moja la nyumbani:
toroli la kaka yangu halili mtu.
Linamngoja.

Kuna kosa la tahajia hapo. Nimeliona.
Kalamu nyekundu nimeishika hadi wino ukakauka nchani,
na nje, chini huko, mto unavuta mawe.