Mkono wa Kushoto

Kiingilio elfu mbili. Nimelipa.
Kijana wa mlangoni, Mgovano, kanipa risiti
na onyo: usiguse kitu.

Chumba cha pili, kati ya ngao na jiwe la kusagia,
ndiyo hiyo, nyuma ya kioo:
karatasi ya mfuko wa saruji, weusi umepauka pembeni.
"Mgema wa Ulanzi. Chapa ya ubao. Mafinga.
Namba tatu katika kumi na mbili."

Hawajaandika kwamba ubao ulikuwa wa msindano,
bapa lililotupwa na kiwanda cha mbao,
na patasi ilikuwa ujiti wa mwavuli
ulionolewa kwenye kizingiti cha mlango wetu,
na rangi ni masizi ya kibatari
kwa mafuta ya alizeti aliyoyatafuta mama jioni nzima
akimsingizia paka.

Baba hakuwa na mashine. Alikuwa na mgongo wa kijiko.
Alisugua, akasugua, mdomo wazi kama anayemlisha mtoto,
kisha akaibandua karatasi kwa kucha mbili,
nasi tukazuia pumzi.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye ubao ule.
ADNAVUL. Nikadhani ndilo jina letu.
Darasa la kwanza nikaliandika hivyo,
mwalimu Mdegela akanichapa,
nikajua neno hilo lina kazi mbili.

Sasa Mgovano anawaambia wanafunzi wa sweta za kijani:
"Tazameni, mgema anatoa mbeta kwa mkono wa kushoto.
Msanii anasema habari ya ukaidi,
ya mtu aliyekataa kutii."
Wanafunzi wanaandika.

Hapana, kijana. Baba alisahau tu.
Herufi alikumbuka kuzigeuza, mkono akausahau.
Alimchonga jirani yetu Kikoti kama alivyomwona,
kulia ikawa kulia kwenye ubao,
na karatasi, isiyofunzwa adabu, ikageuza.

Kikoti alipoiona alinyamaza. Kisha:
"Luvanda, miaka yote umekunywa kwangu,
tangu mtogwa hadi mkangafu.
Lini nilikupa kwa kushoto?"

Hakukanyaga kwetu masika mawili.
Mianzi ilitoa, mbeta zikajaa,
sisi tukanywa chai.

Siku ya kumzika baba alikuja,
ukungu umeshuka mpaka magotini.
Aliinua mkono wa kulia, akauonyesha kwanza,
watu wote wauone,
ndipo akachota udongo.

Ubao? Julai ileile mama aliupasua, akakokea moto.
Simlaumu. Nje sakitu, ndani watoto watano.
Msindano una utomvu, hauchelewi;
nilimwona Kikoti akishika moto kuanzia kofia.
Chapa nyingine sijui ziko wapi.
Moja ilifungia karanga, hiyo naikumbuka,
karanga zenyewe zilikuwa na chumvi nyingi.

Wanafunzi wamekwenda chumba cha mikuki.
Nimebaki peke yangu na sauti ya viatu vyao.
Natoa mkobani kioo changu kidogo cha poda,
naipa chapa mgongo,
nakiinua kioo juu ya bega, nakitafutia pembe,
mpaka anaingia wote, kofia hadi kandambili.

ADNAVUL, limeandikwa pale chini,
kama nilivyolijua mimi.
Na juu yake Kikoti,
kidole gumba kwenye mdomo wa mbeta,
ananipa kwa kulia.

Nakihamishia kioo mkono wa kushoto,
ili wa kulia uwe mtupu.