Jina la Chanzo

Fomu ya ofisi ina kisanduku kimoja tu:
Jina la chanzo. Upana wake vidole vitatu.
Nimeshuka nayo bondeni Kwamsheba ndani ya mfuko wa nailoni,
na ndoo ya lita kumi, na saa ya kuhesabia sekunde,
na viatu vya mpira ambavyo shangazi Mkasi
aliviangalia, akaguna, asiseme neno.

Yeye hakuvaa kitu mguuni.
Alitangulia kati ya magimbi, kanga kaifunga kifuani,
akisema bila kugeuka
kwamba maji hayana chanzo, yana macho,
na macho hayahesabiwi kwa kunyooshewa kidole.
Basi akanionyesha kwa kidevu.

La kwanza, Kitumbua:
mchanga mweupe wafura katikati, wageuka, wafura tena,
kama unga wa mchele uliokutana na mafuta ya moto,
wala hauivi tangu enzi za bibi yake bibi.
Kule, chini ya mkindu ulioinama, Jicho la Kanga,
madoa meusi na meupe. Nilidondosha humo
sarafu ya shilingi ishirini nikiwa darasa la nne,
na naapa nimeiona leo, imejilaza, haina wasiwasi.
"Wajua kwa nini hukuipata siku ile?"
"Nilidhani mkono utafika."
"Ndiyo. Maji safi husema uongo mmoja tu: kina."

Deni hukauka kiangazi, likarudi na vuli,
likalipa lote, lisidai shukrani.
Mapacha hawana kila mmoja jina lake;
ukimziba mmoja kwa kisigino, mwenziwe hupandisha povu.
Penye Bi Harusi shangazi alisimama kidogo,
akachota kiganja, akajipaka shingoni,
tukapita. Sikuuliza.

La saba liko nje ya njia, nyuma ya uzio wa Faki Mbwana,
limejaa majani yaliyooza na kopo la maziwa lenye kutu.
Mtoto wa Nje. Hakuna anayefulia pale.
Hata mimi nilitaka kuliruka.

Kitumbua kilijaza ndoo kwa sekunde kumi na tisa.
Jicho la Kanga, ishirini na mbili.
Mtoto wa Nje, saba.
Nikarudia. Saba.
Nikamtazama shangazi; alikuwa anabandua ruba kifundoni.
"Mwaka wa kipindupindu," alisema, "tulichota hapa usiku,
kila mtu na ndoo yake,
kila mtu akidhani yuko peke yake."
Kisha, kama anayezungumza na ruba:

Mto wasifiwa mto, haukutoka angani,
una mama ja mtoto, kajificha majanini.

Chini yetu mto ulikwisha kuwa mto,
mwangavu hadi kokoto zake zaonekana kuona haya,
ukiingia kwenye mpunga wa watu kama mwenye nyumba,
ukielekea kwenye mikoko, kwenye chumvi,
ambako hakuna atakayeuliza ametoka kwa nani.

Ndoo ya mwisho nilitaka kuimwaga nyasini.
"Yarudishe," akasema. "Hayajawa yako."
Nikainama kuyarudisha, mguu ukateleza,
viatu vikajaa, fomu ikalowa hadi pembe ya nne.
Alicheka shangazi, mara ya kwanza tangu asubuhi,
akakaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Kisanduku kilikuwa kimevimba kwa unyevu.
Nikaandika kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo kama sisimizi,
nikaanza na la saba.
Nafasi ikaishia kwenye Deni.
Yaliyobaki nimeyaandika kiganjani,
na njia yote hadi Wete
sikushika kitu kwa mkono huo.